Mguu Uliojifunza Viazi

Kwa mara ya tatu daktari Sekela alipitisha kijiti cha mawimbi ya sauti kwenye mguu wa mbele wa Kipupwe, na kwa mara ya tatu kioo kikamwonyesha kile kile asichotaka kukiona.

Kano lilikuwa limepona. Hilo halikuwa na ubishi. Pale chini ya goti, palipochanika mwaka jana pakabaki tundu la kuingiza kidole, sasa palikuwa pamejaa nyuzi nyeupe zilizoshikana vizuri. Lakini zilikuwa nyuzi fupi, nene, zimebanana. Kano la farasi wa mbio lina mawimbi madogo madogo ndani yake. Ukilivuta linakubali, ukiliachia linarudi. Hili halikukubali chochote. Lilikuwa kamba ya kufungia fahali.

Sekela alichutama kwenye matope ya uani, akauma midomo. Farasi alimnusa kisogoni, akampulizia pumzi ya moto. Hakuwa na maumivu hata kidogo. Alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa, macho yametulia kama ya mtu aliyeoa vizuri.

"Mama Yusta," Sekela aliita bila kugeuka. "Huyu farasi amebeba nini?"

Mama Yusta, mwenye nyumba, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko akimenya viazi. Yeye ndiye aliyepewa Kipupwe amlee mpaka apone, maana farasi akiachwa peke yake katika banda la kituo cha farasi hununa, na farasi aliyenuna haponi. Kisu chake hakikusimama.

"Abebe nini, mwanangu? Kabeba mkia wake."

"Mama."

"Na masikio."

Sekela hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Maneno yake mengi yalimfia kooni kabla hayajatoka, na watu wa milima ile walishazoea kummalizia sentensi. Alisimama, akamshika Kipupwe mabegani, akafunua manyoya.

"Hapa pamekwanguka. Na upande huu pia."

"Nzi hao."

"Nzi gani wa kukaa pande mbili sawasawa, kama waliopimiwa?"

"Nzi wa huku wana adabu," alisema Mama Yusta.

Pengine angeendelea hivyo mpaka jioni, kama sauti ya mzee mmoja isingepaa kutoka nje ya ua. "Kamwene, Mama Yusta! Kipupwe hajatoka tu? Mimi nina magunia mawili ya viazi hapa, yamesimama njiani tangu alfajiri!"

Kisu kikasimama.

Kipupwe, aliposikia sauti ile, aliinua shingo na kwenda mwenyewe mpaka langoni. Akasimama ubavu ubavu, mgongo umenyooka, akingoja kupakiwa.

"Nilimpumzisha siku mbili," alisema Mama Yusta polepole. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa angekaa hapa, anakula majani yangu, majirani wanapita wameinamia mizigo, yeye anawatazama tu? Hata mwenyewe alikuwa anaona aibu, nakwambia. Alikuwa anageuza uso."

"Farasi haoni aibu, mama."

"Wewe huishi naye."

Sekela alitaka kusema mambo kumi. Alitaka kusema kwamba kila alipokuja kumtazama Kipupwe alimkuta ameoshwa, anatembezwa taratibu kama alivyoagiza, naye akarudi kituoni anafurahi. Alitaka kusema kwamba mawimbi huzisumbua seli changa alizomchoma mguuni, ndiyo maana hakumpima mpaka leo, siku ya ukaguzi. Hakuna lililotoka. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akashika kichwa.

*

Seli zile si matofali. Mtu akisikia kwamba seli hutolewa kwenye mfupa wa kidari cha farasi, zikakuzwa ndani ya kiatamio kama mayai, kisha zikachomwa penye jeraha, hudhani zinaziba tu tundu. Haziko hivyo. Zinafanana na vijana wanaoanza kazi kwa fundi: zinatazama mguu unaulizwa nini, ndipo zinajenga. Mguu ukitembezwa mtupu, kisha ukakimbizwa kidogo kidogo, zinasokota nyuzi ndefu zenye kunepa. Mguu ukiulizwa kila siku, "Unaweza gunia? Unaweza mawili?" zinasokota nyuzi za gunia.

Na Kipupwe hakuwa farasi wa gunia. Alikuwa farasi wa damu. Tangu maporomoko yalipoimeza barabara, na vile vindege visivyo na rubani vilipochoka kupotea kwenye ukungu wa Kitulo, damu ya kuongezewa wagonjwa ilishuka kwenye zahanati za mabondeni kwa farasi. Mfuko mmoja, mzito kama kuku, na mbio.

Mkaguzi wa Bodi ya Farasi, Bwana Hezron Chaula, alifika kabla jua halijapasua ukungu, amepanda nyumbu, amejifunga shali mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayesikia baridi na aliyekariri sheria. Nyuma yake alikuja Ambokile, mpanda farasi, kwa miguu, akimwongoza farasi wake Mbalamwezi. Mbalamwezi alikuwa amefungwa bendeji mguu wa mbele, kila hatua anaitoa kama anaiombea ruhusa.

"Dada Kimya," Ambokile alimsalimu Sekela, kwa jina alilompa mwenyewe miaka mingi nyuma. Siku nyingine angecheka baada ya kulitamka. Leo hakucheka.

Kano la Mbalamwezi lilikuwa limechanika juma lililopita, katikati ya mteremko, mfuko wa damu ukiwa mgongoni. Ambokile aliuchukua mfuko, akamwacha farasi, akakimbia kilichobaki. Damu ilifika. Mama aliyekuwa akiingojea, aliyejifungua mtoto hai, hakuwa tena na haja nayo.

Chaula alikitazama kioo kwa muda. "Naona limepona."

"Limepona," alisema Sekela. "Ila..."

"Ila linataka muda kidogo," Ambokile alimmalizia.

"Ila si la mbio."

Akaeleza, kwa maneno machache, habari ya viazi. Mama Yusta alikuwa amejibanza jikoni, lakini mlango aliuacha wazi, na moshi ulitoka pamoja na kikohozi chake.

Chaula alivua kofia, akaivaa tena. "Unaijua sheria. Seli ni za kundi, si za farasi. Farasi asiyerudi kwenye kazi aliyotibiwa kwayo, seli zake zinaitwa, anapewa mwingine. Kiatamio chenu ni kitupu mpaka baridi ijayo. Na mwingine," alimwonyesha Mbalamwezi kwa kidevu, "huyu hapa."

"Zinaitwaje?" Mama Yusta alichomoza kichwa. "Zinaitwa wapi?"

"Anachomwa sindano ya mwito, mama. Seli zinaachia kano, zinakuja zote kwenye sindano."

"Na mguu?"

Chaula alirekebisha shali zake. Mguu ulioitwa seli zake hubaki kama kamba iliyolala kwenye maji, na farasi asiyeweza kusimama huchomwa sindano ya pili. Hiyo ya pili haikuwa na jina zuri la kutajwa mbele ya watu.

"Haitafaa," Sekela alisema ghafla. "Seli hizi zimeshajifunza mzigo. Tukimpa Mbalamwezi, zitamjengea kano la mzigo vilevile. Tutapoteza wote wawili."

Chaula alimtazama. "Unajua, au unadhani?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa.

"Nadhani."

"Basi pima. Nitangoja."

*

Alimdunga Kipupwe sindano nyembamba, akanyonya tone moja, akaliweka kwenye kitambaa laini ndani ya kisahani cha kioo. Kisahani akakifunga kwenye mashine ya mvuto aliyokuwa amekuja nayo, mashine ndogo iliyonguruma kama paka, akaitegea mwendo wa mbio: vuta haraka, achia, vuta haraka, achia. Akajifungia kwenye kibanda cha majani, jicho kwenye lenzi.

Jikoni alisikia Chaula akila. "Viazi vya hapa vina unga safi, mama."

"Vililetwa na mgonjwa," alijibu Mama Yusta. Kutafuna kukasimama, halafu Chaula akaomba chumvi.

Mwanzoni seli zilikaa kama zilivyozoea, zimejibana bega kwa bega. Sekela aliziombea zisitikisike. Alijisikia mjinga, mtu mzima anaombea tone. Mashine ilivuta, ikaachia. Ukungu uliingia kupitia nyufa na kumlowesha nywele. Kisha mojawapo ya zile za pembeni ikajinyoosha. Ikajigeuza polepole, ikalala kufuata upande wa mvuto, ikawa ndefu na nyembamba. Ya pili ikaifuata. Saa ya chai ya alasiri ilipofika, kisahani kizima kilikuwa kimelala upande mmoja, kina mawimbi madogo madogo, kama shamba la ngano lililopigwa upepo.

Zilikuwa zimesahau viazi.

Sekela aliondoa jicho kwenye lenzi, akaufuta uso kwa kiganja. Kwa hiyo seli za Kipupwe zingemponya Mbalamwezi. Kwa hiyo sheria ilikuwa na haki yake. Na kwa hiyo yule farasi aliyenenepa pale nje, asiye na kosa ila kutii, angelala chini leo hii kwa mkono wake yeye.

Isipokuwa... Nani mwingine angeweza kukisoma kile kisahani? Chaula angeona vidoa. Ambokile angeona maji. Kuzima mashine tu, kutoka nje, kusema neno moja: hazisahau.

Kivuli kikaziba mlango. "Zinasemaje?" aliuliza Ambokile.

"Bado."

Hakuondoka. Aliegemea mwimo, akitazama buti zake. "Nilipofika kule chini, yule mume alinipokea mfuko kwa mikono miwili. Akasema asante. Unaelewa? Alikuwa ameshafiwa, akasema asante." Akakwangua tope kwenye buti. "Sikuulizi kwa ajili ya farasi tu, dada."

Neno lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi wa Sekela, tayari kabisa. Alipomwangalia Ambokile usoni, lilimkwama, kama yalivyomkwama mengine yote maishani. Safari hii alishukuru.

*

"Zinasahau," alisema pale uani. "Nilidhani vibaya. Mbalamwezi atapona nazo."

Chaula alishusha pumzi, akafungua sanduku lake. Sindano ya mwito ilikuwa nene, kioo chake cha rangi ya kahawia. Alimkabidhi Sekela, kwa kuwa mlezi wa seli ndiye anayechoma, mkaguzi hukagua.

Mama Yusta alikuja mbio akasimama mbele ya Kipupwe, amenyoosha mikono kama anazuia kuku. "Kosa ni langu mimi. Nivuneni mimi!"

"Mama, wewe huna seli za farasi," alisema Chaula kwa upole.

"Ungejua kazi nilizofanya, usingesema hivyo."

Ambokile ndiye aliyemshika mkono, akamsogeza pembeni. Mama Yusta akajifunika uso kwa kitenge.

Sekela alichutama. Alipogusa kwato, Kipupwe aliinua mguu mwenyewe, akauweka kwenye goti lake, kama kila mara alipokuja kumkwangua matope. Uzito wake ulikuwa wa kuaminiana kabisa. Sekela alitafuta mahali pa kuchoma. Alipakuta pale pale, chini ya goti, penye kano gumu lililobeba viazi vya mtaa mzima. Akaishusha sindano.

Kumbe zinasahau. Zilisahau kwenye kisahani, bila kuitwa, bila kuhamishwa, kwa kubadilishiwa kazi tu.

Alisimama. "Kama zinasahau kwenye kioo," alisema, "zitasahau na mguuni."

"Sekela," alisema Chaula.

"Tumbadilishie kazi. Akimbizwe mtupu, kidogo kidogo. Kano litajisuka upya humo humo."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Miezi mingi. Labda mpaka baridi ijayo."

"Na Mbalamwezi?"

Hapo ndipo alipotamani kweli mtu ammalizie sentensi. Aliwatazama mmoja mmoja. Safari hii wote walinyamaza.

"Mbalamwezi hawezi kungoja," alisema. "Jeraha lake litaziba kwa kovu. Atatembea. Hatakimbia tena."

Ambokile aliuachia mkono wa Mama Yusta. "Kwa hiyo unachagua."

"Nachagua."

"Wangu alichanika akikimbiza damu. Huyu alikuwa anapeleka viazi mnadani! Halafu unamchagua huyu?"

"Mguu huu ni mzima, Ambokile. Haukukosea kitu. Ulijifunza tulichoufundisha." Aliweka kiganja begani mwa Kipupwe. "Siwezi kuubomoa mguu mzima kwa sababu sisi ndio tuliofundisha vibaya."

"Kamwambie hivyo yule mume wa bondeni."

Hakungoja jibu. Aliokota hatamu, akamgeuza Mbalamwezi, wakaondoka. Katika ukungu waliendelea kusikia kwato zake kwa muda mrefu: tatu zikigonga, moja ikigusa.

Chaula alirudisha sindano kwenye sanduku, akalifunga taratibu. "Mimi sijui kuchoma, na wewe siwezi kukulazimisha. Nitapeleka habari Bodi. Watamtuma mwingine, na kwa njia hizi atafika masika yakiisha. Akimkuta farasi huyu anakimbia, vizuri. Akimkuta na gunia..." Alinyoosha kiganja. "Funguo za kiatamio nipe."

Sekela aliufungua mshipi, akampa. Zilikuwa zimekaa kiunoni pake miaka mingi, na alipozitoa alijisikia kama amevua nguo mbele za watu.

*

Farasi aliyejifunza kazi hafundishiki upya kwa kuambiwa. Sekela aliligundua hilo asubuhi ya kwanza, akaendelea kuligundua kila asubuhi.

Alimtoa Kipupwe bila tandiko, akashika kamba, wakaanza kukimbia kwenye njia ya ukingoni. Walikimbia mpaka lango la kwanza. Hapo Kipupwe alisimama, akajiweka ubavu ubavu, akangoja. Sekela alivuta. Kipupwe alimtazama kama anayemtazama mtu asiyejua mila. Mwenye nyumba akatoka anafuta mikono.

"Hata debe moja, daktari?"

"Hata kiazi kimoja."

"Basi kitunguu. Kitunguu hakina uzito."

Lango la pili hivyo hivyo, na la tatu. Mvua zikaja, njia ikawa utelezi, Sekela akaanguka mara nyingi kuliko farasi. Jioni alimpima kwa mkono tu, akipapasa kano kwa vidole, na kila alipodhani limelegea kidogo, kesho yake aliliona gumu vilevile. Alilia kwa hasira nyuma ya banda, akajipangusa, akarudi. Damu sasa ilishuka mabondeni kwa farasi waliobaki, na walikuwa wachache. Zamu zilizokosa farasi alizichukua Ambokile kwa miguu. Alipopita njiani na mfuko kifuani alimwamkia Mama Yusta, akamwamkia hata Kipupwe. Ila Sekela hakuamkiwa.

Siku moja, masika yakikaribia mwisho, aliyekuja langoni alikuwa Mama Yusta mwenyewe, yule aliyeapa kwa jina la marehemu mumewe kwamba hatampakia tena. Alikuwa amekumbatia kigunia.

"Ni kidogo tu, mwanangu. Binti yangu kule chini ana ujauzito, hana chakula. Na nyie mnapita huko huko."

Kipupwe alishajipanga ubavu ubavu. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwa Sekela tangu siku ile ya kisahani kikapasuka.

"Mama!" Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Mkono wako mmoja unamlisha, wa pili unamchinja! Mjumbe wa Bodi yuko njiani! Mmenifanya nichague mimi, mmenifanya nipoteze kazi, nipoteze... Halafu unaniletea viazi!"

Mama Yusta alibaki mdomo wazi. Hakuwahi kumsikia akimaliza sentensi ndefu namna ile.

"Lete hapa," ilisema sauti ya kiume.

Ambokile alikuwa amesimama njiani, mfuko wa damu kifuani, anamrudisha Mbalamwezi kutoka malishoni. Mbalamwezi alichechemea, akasimama, akainamisha kichwa kwenye majani. Ambokile hakumtazama Sekela. Alikichukua kigunia mikononi mwa Mama Yusta, akakipima uzito, akakirusha begani mwake mwenyewe, na hatamu ya Mbalamwezi akamwachia yeye.

"Nitakipeleka mimi. Nashuka na damu saa hii." Kisha, akiwa ameshampa kisogo: "Wewe kimbiza farasi."

Akashika njia. Sekela alimgeukia Kipupwe. Alivuta kamba. Wakaanza taratibu, kisha mwendo ukakolea, wakampita Ambokile pale penye kona, kigunia chake kikichezacheza begani.

Kwenye lango lililofuata Kipupwe alipunguza mwendo. Akageuza shingo kuangalia nyuma, mzigo ulikokuwa. Akauona uko kwa mtu mwingine.

Akapita.